Pumzisha mkeka, kidonge kiendelee

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mstaafu wa miaka 61, naishi Tanga. Miezi mitano iliyopita nilipimwa nikaambiwa kolesteroli mbaya, ile LDL, imefika 4.9. Nikaandikiwa atorvastatini ya miligramu 20 kila usiku. Ya presha natumia amlodipini ya miligramu 5. Sikuona tatizo lolote. Wiki tatu kabla sijaacha, binti yangu alinipeleka darasa la yoga, Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Tangu hapo mapaja na mabega yakawa yananiuma, kushuka ngazi kazi. Jirani akaniambia ni hivyo vidonge, vinakula misuli, niache. Nimeacha siku nane sasa, yoga nayo nimeacha, na nimepata nafuu. Mwalimu wetu wa yoga anasema nikiendelea na mazoezi pamoja na vidonge vyake vya asili vya mchele mwekundu, dawa ya hospitali sitaihitaji tena. Wiki ijayo nina miadi ya kupima mafuta. Nifanyeje?"

Jibu:

Shikamoo mama. Kabla hatujafika kwenye yoga, naomba ujiangalie mambo mawili leo hii. La kwanza, mkojo wako una rangi gani? La pili, ukiwa umekaa kwenye kiti cha kulia chakula, unaweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono? Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea au kama soda ya kola, au mapaja yamelegea hata huwezi kuinuka, au huwezi kunyanyua mkono kuchana nywele, usiendelee kunisoma. Nenda hospitali leo, na kidonge cha atorvastatini usikiguse mpaka daktari akuone. Hiyo ni dalili ya misuli kuvunjika na kumwaga mabaki yake kwenye damu, na mabaki hayo huziba figo. Kwa wanaotumia statini, yaani jamii ya dawa za kolesteroli ambamo atorvastatini yako imo, ni jambo la nadra sana, halimpati hata mtu mmoja katika 10,000 kwa mwaka, lakini likitokea saa zina thamani.

Kama mkojo ni wa kawaida na unainuka vizuri, basi tulia tuzungumze. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani kidonge chako kimesingiziwa.

Hesabu zako zenyewe ndizo zinazonifanya niseme hivyo. Ulimeza atorvastatini miezi minne na zaidi bila maumivu yoyote. Maumivu ya misuli yanayotokana kweli na statini mara nyingi hujitokeza wiki chache za mwanzo, au dozi inapoongezwa, au inapoongezwa dawa nyingine inayogombana nayo. Kwako dozi haikubadilika. Kilichobadilika ni mkeka wa yoga. Halafu ukaacha vyote viwili kwa wakati mmoja, nafuu ikaja, na sifa yote akapewa jirani. Mama, ukizima redio na feni kwa mkupuo mmoja kelele zikaisha, hujui bado ni ipi iliyokuwa inapiga kelele.

Watu wengi huona yoga ni kujinyoosha tu, wala hawaihesabu kama mazoezi ya kuumiza. Wamekosea. Msuli huumia zaidi pale unapobeba uzito huku unarefuka, kuliko pale unapobeba huku unajikunja. Ndiyo maana kupanda mlima kunakutoa jasho, lakini ni kuteremka ndiko kunakokuacha ukitembea kama umefungwa mbao. Sasa fikiria yale mnayofanya darasani. Ule mkao wa kiti, mnakunja magoti na kushuka polepole kama mnakalia kitu ambacho hakipo: mapaja yanarefuka yakiwa yamebeba mwili mzima. Kujishusha taratibu kifudifudi kwa mikono: mabega na kifua, vivyo hivyo. Mkao wa shujaa, goti la mbele limekunjwa mnahesabu pumzi tano, sita. Kwa mtu wa miaka 61 ambaye hajafanya hayo maishani, nyuzi za misuli hupata michubuko midogo midogo isiyoonekana. Maumivu yake hayaji papo hapo. Huanza baada ya nusu siku au siku nzima, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka yenyewe. Darasa la Jumatatu linakuuma Jumatano, na kabla hujapona vizuri Alhamisi hii hapa tena. Kwa ratiba hiyo hukupata siku ya nafuu ya kukufumbua macho, ukaona ni maumivu ya kudumu.

Maumivu ya statini yana tabia nyingine. Huwa pande zote mbili kwa usawa, zaidi kwenye misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, yaani mapaja, nyonga, mabega, wakati mwingine na misuli ya nyuma ya miguu. Huwa ni uzito na uchovu zaidi ya mchomo. Hayajali Jumatatu wala Alhamisi, na siku tano bila mazoezi hayakupi likizo. Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kukuficha: yoga nayo huuma mapaja na mabega pande zote mbili. Kwa hiyo mahali panapouma hapatoshi kutuambia. Kinachotuambia ni kalenda.

Kuna utafiti ninaupenda sana kwa sababu uliwaheshimu wagonjwa. Ulichapishwa 2020 na watafiti wa Imperial College London. Walichukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne zina statini, nne zina vidonge visivyo na dawa ndani yake, na nne tupu kabisa. Hakuna aliyejua kidonge kipi ni kipi. Kila siku waliandika wanavyojisikia, kwa alama kati ya 0 na 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa alama 8. Miezi ya statini, 16.3. Na miezi ya kidonge kisicho na dawa? 15.4. Karibu mateso yote yalitokana na kitendo cha kumeza kidonge ambacho mtu anakiogopa, si na dawa iliyomo. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Hapo simaanishi kwamba wewe unajidhania tu. Wale watu waliumwa kweli, wakiwa na kidonge kitupu tumboni. Mwili ukiambiwa "jiangalie, hiki kinakula misuli", unaanza kusikiliza kila paja linapovuta, na kinachosikilizwa sana husikika sana. Miaka miwili baadaye, uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet ulijumlisha majaribio 19 yenye watu karibu 124,000: waliolalamika maumivu ya misuli kwenye statini walikuwa asilimia 27.1, na kwenye kidonge kisicho na dawa asilimia 26.6. Wapo ambao dawa inawaumiza kweli, nami nimewahudumia. Lakini ni wachache kuliko tunavyosikia vibarazani, na hatuwezi kuwatambua kwa kila mtu kuacha dawa kimyakimya.

Sasa nikuambie la kufanya. Mpigie daktari aliyekuandikia, umwambie wazi kwamba umeacha siku nane na kwa nini. Usimwogope, kitu kinachomharibia kazi daktari ni mgonjwa anayesema "nameza" wakati hamezi. Asipokuwa na pingamizi, rudia kidonge chako kimoja cha miligramu 20. Usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Atorvastatini unaweza kuimeza saa yoyote ya siku, ila iwe saa ileile kila siku. Mkeka uukunje uweke pembeni kwa wiki mbili. Tembea tu, kazi zako za nyumbani fanya kama kawaida. Chukua daftari, kila jioni andika alama ya maumivu, 0 hadi 10. Kidonge kikiwa kinamezwa na yoga haipo, wiki mbili hizo zitasema. Zikipita kwa amani, rudi darasani mara moja kwa wiki na uendelee kuandika. Maumivu yakija siku moja baada ya darasa yakaondoka siku ya tatu au ya nne, umeshampata mhusika, na huyo haogopeshi, ni suala la kwenda naye taratibu. Yakirudi wiki ya kwanza wakati mkeka bado umekunjwa, rudi kwa daktari na daftari lako.

Ndiyo maana nasema pumzisha mkeka, kidonge kiendelee. Wengi hufanya kinyume: dawa inaachwa, mazoezi yanaendelea. Mazoezi yakikosekana wiki mbili hakiharibiki kitu. Statini ikikosekana, kolesteroli inarudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, nayo ikirudi haiumi popote wala haikupi taarifa.

Huenda daktari akataka kupima CK, kimeng'enya kinachotoka kwenye misuli iliyoumia. Ni kipimo kizuri kikifanywa kwa wakati wake. Darasa moja zito la yoga kwa mtu asiyezoea linaweza kuipandisha CK na ikakaa juu siku kadhaa, hata kama hajawahi kuona kidonge cha statini. Kwa hiyo usipimwe keshoye wala keshokutwa ya darasa. Kaa angalau wiki bila mazoezi mazito. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha kwetu: watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana CK ya juu zaidi kuliko Wazungu, tukiwa wazima kabisa, na viwango vya "kawaida" vinavyochapwa kwenye karatasi za maabara nyingi vilitokana na Wazungu. Nimeona watu wamesimamishiwa dawa kwa alama ya nyota kando ya namba iliyozidi kidogo tu. Kinachotutisha sisi ni CK iliyovuka mara kumi ya kikomo, au iliyopanda ikiambatana na udhaifu wa misuli.

Mwombe pia akupime tezi ya shingo, kipimo cha TSH. Tezi hiyo ikilegea, kolesteroli hupanda, misuli huuma, na statini huwa kali zaidi kwa misuli hiyo. Kwa wanawake wa umri wako si jambo geni, na akilikuta huenda amepata chanzo cha mambo mawili kwa sindano moja ya damu.

Nije kwa mwalimu wenu. Yoga ni jambo jema, nakuomba usiiache moja kwa moja. Inasaidia usingizi, inatuliza wasiwasi, inakupa mizani ya mwili ili usianguke bafuni, na presha inaweza kushuka kidogo. Lakini kolesteroli haitoki kwa jasho. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwilini inatengenezwa na mwili wako wenyewe, ini likiwamo, hata ukila mchicha mtupu. Statini hukizuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kuitengeneza. Ini likiona limepungukiwa, hufungua milango zaidi ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Atorvastatini ya miligramu 20 huishusha LDL kwa asilimia 40 na kitu, maana yake 4.9 yako ielekee kwenye 2.8 hivi. Hakuna mkao wa yoga unaofanya hivyo, na mwalimu anayekuahidi hivyo amevuka mpaka wa ujuzi wake.

Hivyo vidonge vya mchele mwekundu ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote ulivyoniandikia. Mchele huo unachachushwa na ukungu mwekundu, na ukungu huo hutengeneza kitu kiitwacho monakolini K. Kikemia, monakolini K na lovastatini ni kitu kimoja, na lovastatini ndiyo statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani, 1987. Kwa hiyo anayekwambia "acha statini umeze hivi" anakupa statini, ila isiyopimwa: chupa moja inaweza kuwa nayo nyingi, nyingine karibu hamna. Na ukirudia atorvastatini huku unavimeza hivyo, unameza statini mbili kwa pamoja, na hapo misuli iko hatarini kwelikweli. Kuhusu neno "asili", statini zenyewe zilianzia kwenye ukungu. Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za ukungu na kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akapata ya kwanza, kwenye jamii moja na ule ukungu wa kijani unaoota kwenye machungwa. Asili haikuwahi kuwa kinga ya madhara. Kinachotulinda ni kujua kipimo.

Kwa hatari hiyohiyo, kila dawa mpya unayopewa popote, taja kwamba unatumia atorvastatini. Klarithromaisini ya kifua au ya vidonda vya tumbo, dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli, baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI: hizi huzuia ini lisiivunje statini, ikajilimbikiza mwilini. Balungi nalo huzuia statini isivunjwe, zaidi kwenye utumbo. Kipande mara mojamoja si neno, lakini juisi ya balungi kila asubuhi "ya kukata mafuta", kama wengi wanavyoshauriana, achana nayo. Machungwa ya kawaida kunywa. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni dunia nzima kwa sababu iliua watu kwa kuvunja misuli, na wengi miongoni mwao walikuwa wakiimeza pamoja na gemfibrozili, dawa nyingine ya mafuta. Tangu hapo sisi wafamasia hatuulizi "unatumia nini kingine" kwa adabu tu. Na dawa yako ikiisha dukani ukabadilishiwa simvastatini, simama hapohapo uulize: pamoja na amlodipini, simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20. Atorvastatini haina kikwazo hicho kwa dozi yako.

Utakaporudi darasani, amlodipini ndiyo itakayokusumbua zaidi ya statini. Inalegeza mishipa, hivyo ukiinama kichwa kikashuka halafu ukainuka kwa haraka, damu inachelewa kufika kichwani na unaona giza. Inuka kwa hatua, mikono ikae kwenye mapaja kwanza, kichwa kiwe cha mwisho, na uwe karibu na ukuta. Kusimama kwa kichwa na kusimama kwa mabega, usifanye. Kwa umri wako na presha yako faida yake haifikii hatari ya shingo na macho, na kama umewahi kuambiwa una presha ya macho, hata kukaa muda mrefu na kichwa chini ya kiuno epuka. Pumzi usiibane, mwalimu akisema "shikilia pumzi", wewe endelea kupumua polepole, kwa sababu kubana pumzi huku umekaza misuli hupandisha presha ghafla. Mikao ya kukunja magoti, fanya nusu: shuka kidogo, kaa pumzi mbili, inuka. Wiki inayofuata ongeza kidogo.

Wala usione haya kutumia msaada. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyeizoesha dunia mikanda, matofali ya mbao, viti na blanketi kwenye yoga, na hakuna aliyemwita mvivu. Kanga iliyokunjwa ni mkanda mzuri kabisa wa kuzungushia wayo wakati mkono haufiki, na mto wa sebuleni chini ya nyonga huokoa mgongo.

Chumba kiwe na hewa. Tanga yetu wakati wa kaskazi ni joto tosha, humhitaji mtu wa kufunga madirisha "ili sumu zitoke". Joto, upungufu wa maji na mazoezi mazito ndivyo vinavyovunja misuli hata ya vijana wasiotumia dawa yoyote. Ukiweka na statini juu yake unajiongezea sababu. Kunywa maji kabla na baada. Ukiwa umefunga, fanya ile mikao ya kulala na kukaa tu, au subiri baada ya futari. Ukiwa na homa au kuharisha, siku hiyo pumzika.

Na ikitokea daftari likaonyesha kwamba ni kidonge kweli, bado hujafika mwisho wa njia. Daktari anaweza kupunguza dozi, kukuhamishia rosuvastatini au pravastatini, kukupa siku moja kwa kuruka, au kukuongezea ezetimibe, ambayo hufanya kazi utumbo unaponyonya kolesteroli na si kwenye ini. Watu wengi walioumia na statini moja huvumilia nyingine vizuri.

Kipimo cha wiki ijayo kisogeze mbele. Ukipima sasa, baada ya siku nane bila dawa, LDL itaonekana imepanda, na daktari asiyejua ataongeza dozi ambayo huenda huihitaji. Meza wiki sita hadi nane bila kukosa, ndipo upime. Siku hiyo nenda na daftari, na paketi za dawa zako zote, pamoja na ile chupa ya mchele mwekundu, aione kwa macho yake.